Majuma Matatu Nyuma

IJUMAA, SAA TISA NA NUSU ALASIRI

Sumaili alizitoa disketi tisa kwenye kopo la biskuti, akazipanga juu ya meza ya fundi cherehani.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka, Alunguli, ng'ambo ya mto ukitoka mjini Kindu. Mlango umefungwa. Dirisha limezibwa kwa gunia. Watu watatu tu ndani, na jasho lao.

"Sema tena," Sumaili alimwambia Florentin. "Polepole. Shemeji yangu asikie."

Florentin aliendesha kompyuta ya kampuni ya madini. Huo ulikuwa mwaka 1989, na kwenye kitambulisho chake liliandikwa jina la Kizaire, maana majina ya Kikristo serikali ilishayakataza. Lakini mama yake alimwita Florentin, na mji mzima ulimfuata mama yake.

Akaeleza. Kompyuta ofisini ilikuwa moja. Zamani, dhahabu ikitakiwa kutoka bohari, yeye aliandika, mashine ikachapa boni, karatasi ya kutolea mali, mlinzi akaisoma na kufungua mlango. Majuma matatu yaliyopita alikuja fundi kutoka Kinshasa. Akaondoa mfumo wa zamani unaoiongoza mashine, akatia mpya. Tangu siku hiyo mashine haichapi boni bila neno la siri, na neno hilo analo mkurugenzi peke yake. Fundi aliamuru disketi za zamani zichomwe. Florentin hakuzichoma. Yeye hatupi hata kizibo cha chupa.

"Kwa hiyo tunairudisha nyuma," Sumaili alisema. "Mashini inashika akili yake ya zamani. Inachapa boni bila kuuliza muntu."

"Njo vile. Ni kazi ya saa moja na nusu, labda kidogo zaidi."

Siku ilikuwa kesho, Jumamosi, siku ya Salongo. Chama kilitaka kila mtu atoke alasiri hiyo na jembe au panga, afyeke majani na kuzibua mitaro. Anayekutwa nyumbani anabebwa na askari. Mkurugenzi mwenyewe hutoka ili aonekane, na Anaclet, mkuu wa bohari, hutoka ili mkurugenzi amwone. Ofisi inabaki tupu. Bohari inabaki na mlinzi mmoja, na huyo ana sharti lake: aliyechapa boni aje nayo mwenyewe, atie sahihi mbele yake. Jenereta huwashwa saa nane kwa ajili ya friji za mkurugenzi na kuzimwa saa kumi. Saa kumi hiyo hiyo Anaclet anarudi. Kila kitu kiwe kimekwisha kabla.

Wa tatu alikuwa Abedi, dereva wa pikapu ya kampuni. Abedi hakuwa jambazi. Alikuwa na mke mgonjwa, basi. Mke huyo, Riziki, ni dada yake Sumaili, wa baba mmoja na mama mmoja. Alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari alisema apasuliwe Bukavu juma hili hili, asipite hapo. Kampuni ilimpa kiti kwenye ndege yake ya Jumapili asubuhi. Ndege nyingine ni baada ya mwezi, na Riziki mwezi hana. Kiti ni cha kampuni, lakini damu, uzi, dawa na glavu za daktari ni za mgonjwa mwenyewe. Kwa ajili ya hivyo vitu Abedi alikaa katika chumba kile.

Swali lake lilikuwa moja.

"Jina yake iko salama?"

"Iko ndani ya mashini," Florentin alisema. "Mimi mwenyewe niliandika Jumanne. Kesho jioni Jeannette wa mukurugenzi anachapa lisiti ya majina. Jumapili munapanda."

Hapo lazima tueleze jambo la majina. Zamani orodha ya ndege iliandikwa kwa mkono, na kila mkubwa alifika uwanjani na kalamu yake akaongeza binamu. Wagonjwa walibaki kwenye majani, wanene wakaruka kwenda harusini. Mkurugenzi akakasirika, akatoa barua: jina lisilochapwa na mashine halipandi, na rubani asipokee jina la kalamu hata la nani. Watu walifurahi. Abedi naye alifurahi, akasema sasa maskini atasafiri.

Sumaili alimshika shemeji yake bega. Macho yalikuwa yamemlowa. Alisema kesho ni dhahabu, Jumapili ni ndege, na dada yake atapona. Tusimnyang'anye lililo lake: siku ile alimaanisha, au alidhani anamaanisha.

JUMAMOSI, SAA NANE KAMILI MCHANA

King'ora kililia. Mji ukatoka na majembe.

Pikapu ilisimama nyuma ya ofisi. Majembe kumi yalikuwa yamepakiwa nyuma, ili atakayeuliza aone. Abedi alibaki kwenye usukani. Florentin alifungua mlango kwa ufunguo wake, Sumaili akaingia nyuma yake na bastola kuukuu kiunoni. Jenereta ilinguruma uani. Mashine ikawashwa.

SAA NANE NA DAKIKA ISHIRINI

Disketi ya kwanza iliingia. Mashine ikakoroma, ikanyamaza, ikaandika kwa Kifaransa, herufi za kijani. Florentin alisoma. Akasoma tena. Mikono yake ikashuka mapajani.

"Nini?" Sumaili aliuliza.

Florentin alikuwa amedhani mfumo wa zamani utakaa juu ya mpya na mambo yote mengine yatabaki mahali pake. Haikuwa hivyo. Fundi wa Kinshasa alikuwa ameigawa upya ghala ya kumbukumbu ya mashine, kwa mtindo ambao mfumo wa zamani hauwezi kuusoma kabisa. Kurudi nyuma kulitaka kufuta kila kilichomo, kisha kujaza tena kutoka kwenye disketi. Na vilivyomo kwenye disketi vilinakiliwa siku moja kabla fundi hajafika. Kilichoandikwa baada ya hapo kingepotea.

"Majuma matatu yote," alisema.

"Haina neno. Futa."

"Riziki iko ndani yake."

Sumaili alitazama mlango. Nje, Abedi alikuwa akifuta kioo cha pikapu kwa kitambaa, kama dereva yeyote anayengoja wakubwa wake.

Florentin alipiga hesabu ya saa kwa vidole. Disketi saba za kwanza zinarudisha mfumo na boni. Mbili za mwisho zinarudisha orodha ya ndege. Ikienda vizuri, saa kumi kasoro robo zote zimeingia. Kuliandika upya jina la Riziki ni dakika moja.

"Njo vile," Sumaili alisema. "Utamurudisha. Lakini Abedi asijue. Akijua ataingia humu, na tutaharibikiwa."

Mashine ilikuwa ikingoja. Oui au Non, ndiyo au hapana. Florentin alibonyeza O. Alibonyeza mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono, na baadaye hakusema vingine.

SAA TISA NA DAKIKA TANO

Disketi ya sita ilikataa. Kopo la biskuti lilikaa chini ya kitanda cha Florentin majuma matatu, masika, na Kindu masika hata viatu vinaota ukungu. Mashine ilisoma, ikakwama, ikaanza upya. Florentin aliitoa, akaipangusa kwa ncha ya shati, akairudisha. Ikakwama. Akaipuliza. Ikakwama. Sumaili alikuwa akizunguka meza na kuuliza saa kila mara ilhali saa alikuwa nayo yeye mkononi.

Saa tisa na dakika thelathini disketi ile ilikubali.

SAA TISA NA DAKIKA THELATHINI NA NANE

Printa ililia, boni ikatoka. Sumaili aliikata.

"Twende."

Mkono wa Florentin ulikuwa tayari juu ya disketi ya nane. "Dakika kumi na mbili tu."

"Bohari ni dakika kumi. Anaclet anarudi saa kumi."

"Enda wewe na Abedi. Miye nibaki."

"Mulinzi anataka sahihi yako. Ni wewe ulisema."

Ni kweli, ni yeye aliyesema. Sumaili alitoa bastola, akailaza juu ya vibonyezo vya mashine. Lakini bastola siyo iliyomshinda Florentin. Kilichomshinda ni maneno. Sumaili aliinama hadi sikioni, sauti ikawa ya chini, ya mtu wa nyumbani.

"Unisikilize. Riziki ni dada yangu. Tulinyonya titi moja. Unazani mimi njo nitamuacha afe? Na hii dhahabu nitakodi ndege yake yeye peke yake. Lundi, kesho kutwa, asubui. Nakuapia kaburi ya mama yetu."

Florentin aliamini. Nani asingeamini? Damu ya mtu imeapa kwa kaburi la mama yake. Aliitia disketi ya nane mfukoni mwa shati, akasimama.

SAA TISA NA DAKIKA ARUBAINI NA MBILI

Sumaili alilala nyuma chini ya turubai pamoja na majembe. Mbele walikaa Abedi na Florentin, na boni ilikuwa mapajani pa Florentin.

Abedi alikuwa na furaha. Furaha ilimfanya aseme. Alieleza kwamba Riziki alikuwa amekula vijiko viwili vya uji. Aliomba kitenge chake cha kijani kifuliwe, hataki kufika Bukavu kama mtu aliyeokotwa. Mtoto wao Mwavita, wa miaka sita, aliambiwa mama anakwenda kuona ziwa, akaomba aletewe maji ya ziwa kwenye chupa. Abedi alicheka. Kisha akapunguza mwendo.

"Florentin, sijakushukuru bado. Siku daktari alisema, siku ile ile uliandika jina yake. Muntu mwingine angeniambia nirudi kesho. Sitasahau ile."

Florentin aliikunja boni. Akaikunjua. Barabarani watu walikuwa wamejipanga wakifyeka, na mkubwa mmoja wa chama mwenye beji ya chama kifuani alinyoosha mkono, pikapu ikasimama. Aliuliza kwa nini hawako Salongo. Abedi alimwonyesha majembe, akasema anapeleka vifaa kwa kikosi cha pili. Mkubwa akapiga bodi kwa kiganja: piteni. Palikuwa bado na nafasi. Kama Florentin angesema neno moja pale, gari lingegeuka, na Abedi angeikabili bastola yoyote. Hakusema. Alikuwa anamwogopa Sumaili, na zaidi alikuwa anaona aibu.

SAA TISA NA DAKIKA HAMSINI NA TATU

Mlinzi wa bohari aliisoma boni mistari yote, kisha akamwita Florentin mwananchi, kwa Kifaransa cha chama.

"Citoyen, leo vilevile unatumika kazi?"

"Mukurugenzi njo alituma."

Florentin alitia sahihi. Sahihi ilitoka imepinda, mlinzi akampa pole ya malaria. Sanduku la chuma lilitoka, dogo, zito, Abedi na mlinzi wakalibeba wote wawili hadi garini. Mlango wa bohari ukafungwa.

Walipopita tena mbele ya ofisi, jenereta ilikuwa bado inanguruma. Kisha ikazimika. Florentin aliisikia ikizimika. Abedi aliwasha taa ya gari kwa mzaha na kusema friji za mkurugenzi zimekufa, atakula nyama iliyooza.

SAA KUMI NA ROBO

Kwenye ukingo wa mto walishusha sanduku, Sumaili akaingia nalo mtumbwini. Walikuwa wamekubaliana wakutane saa kumi na mbili, Alunguli, chumba kile kile. Alimkumbatia Abedi kwa muda mrefu.

"Umusalimie dada yangu," alisema.

Florentin alibaki garini.

SAA KUMI NA MOJA

Jenereta iliwashwa tena. Jeannette, karani wa mkurugenzi, aliingia ofisini na matope ya Salongo miguuni. Hakujua mambo ya mifumo. Alifundishwa kuingiza disketi ya orodha kama mashine ikiomba, kubonyeza na kungoja. Mashine ikaomba. Akachukua ya tisa, aliyoikuta mezani, ikakataa bila ya nane. Akafungua kabati, akatoa nakala ya nane ya zamani aliyokuwa amejitunzia, akaiingiza, kisha ya tisa. Orodha ikatoka. Majina manne. Akaikunja bila kuisoma, akaifunga kwenye bahasha, akapiga muhuri, akaenda zake kuoga.

SAA KUMI NA MBILI

Florentin alivuka mto peke yake. Abedi alibaki nyumbani kumfungia mkewe mizigo.

Chumba cha nyuma kilikuwa wazi. Gunia la dirisha lilikuwa chini. Fundi cherehani alimwambia Sumaili hakukaa hata kidogo. Pikipiki ya kwenda Kampene ilikuwa ikimngoja, akafunga sanduku nyuma, akaondoka.

"Ilimungoja tangu saa ngapi?"

"Tangu muchana. Ilifika mbele ya king'ora kulia."

Mbele ya king'ora. Kabla mashine haijauliza Oui au Non, kabla ya kiapo cha kaburi, pikipiki ilikuwa tayari imefika. Florentin alikaa juu ya meza ya cherehani, akalia bila kuficha, na fundi akajifanya anatafuta sindano.

Alirudi mjini. Ofisi ilikuwa gizani, jenereta imezimwa. Alifika kwa Abedi, akasimama nje ya ua. Kitenge cha kijani kilikuwa kwenye kamba. Ndani, Mwavita alikuwa akimwimbia mama yake. Bunda la safari lilikuwa mlangoni, limefungwa vizuri, na chupa tupu ya maji ya ziwa imechomekwa juu yake. Florentin alisimama mpaka miguu ikauma. Kisha akaondoka. Alikuwa na usiku mzima wa kusema, na hakusema.

JUMAPILI, SAA MOJA NA NUSU ASUBUHI

Walimlaza Riziki kwenye godoro, juu ya majani ya uwanja wa ndege. Alikuwa amevaa kitenge chake. Abedi alikaa miguuni pake, akiishika miguu yote miwili. Majirani walikuja, na Albertine muuza vitumbua alikuja pia, maana yeye mwenyewe alipasuliwa Bukavu, alikuwa amerudi juma lililopita kwa lori, mzima kabisa, na alitaka Riziki amwone.

Jeannette alifungua bahasha.

"Citoyen Zuberi."

Hakuna aliyejibu.

"Citoyen Zuberi," alisema tena, na sauti ikaanza kupungua.

Abedi aliinua kichwa. Mzee Zuberi wa reli alizikwa siku kumi na mbili zilizopita. Abedi ndiye aliyembeba, kwa pikapu hiyo hiyo. Jeannette aliita mara ya tatu kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, kisha akasoma la pili, akitumia jina la mtaani.

"Citoyenne Albertine."

"Mimi?" Albertine alisema. "Mimi nilisharudi."

Majina mawili yaliyobaki yalikuwa ya watu ambao muda huo walikuwa vitandani Bukavu. Karatasi ikaisha. Jeannette aliigeuza nyuma, akakuta nyeupe. Huko ndani ya mashine Zuberi alikuwa hai na uvimbe wa Riziki ulikuwa bado haujapimwa. Mashine ilirudi majuma matatu. Riziki hakurudi nayo.

Florentin alikuja mbio kutoka barabarani, shati limetoka. Hakumtazama Abedi. Alisimama katikati, mbele ya rubani, Jeannette na majandarme wawili, askari wa uwanja, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Ile lisiti ni ya zamani. Mimi njo nilirudisha mashini nyuma. Jina ya Riziki ilikuwa ndani. Nilifuta mimi."

Jeannette alitoa kalamu. Akaandika, Riziki, chini ya majina manne, akampa rubani. Rubani hakuwa mtu mbaya. Alitazama godoro, akatoa mfukoni barua ya mkurugenzi, akawaonyesha. Jina la kalamu halipandi. Akipandisha moja, alisema, kesho anavuliwa kazi. Waliuliza kama mashine haiwezi kuchapa. Jenereta ya Jumapili huwashwa saa nne, baada ya misa. Waliuliza mkurugenzi yuko wapi. Alikwenda Kalima jana jioni. Mawingu yalikuwa yanapanda upande wa mto, na ndege ilitakiwa kuondoka saa mbili.

Jandarme mkubwa alikuwa bado yuko kwenye lile neno la kwanza la Florentin.

"Uliirudisha nyuma kwa sababu gani?"

Florentin alimwambia. Boni, bohari, sanduku. Alisema lote, haraka, kana kwamba akimaliza upesi ndege itangoja.

"Na nani?"

Hapo ndipo alipomtazama Abedi kwa mara ya kwanza tangu jana. Abedi alimtazama pia. Alikuwa ameshaelewa yote: chumba kile, kufutwa kule, safari ile ya garini na kimya chake. Kama angekuwa na nafasi angemuua. Lakini mikono yake ilikuwa na miguu ya mkewe, na hakuweza kuiachia.

"Na Sumaili," Florentin alisema. "Siye wawili tu. Alikimbilia Kampene."

Walimfunga kamba mikono nyuma. Jandarme alimpiga kitako cha bunduki mgongoni, akaanguka kwenye majani, na disketi ya nane ikadondoka mfukoni. Alijaribu kuiokota kwa meno. Wakamwinua, wakampeleka.

Abedi hakusema kitu. Kusema kungemtia kamba naye, na Riziki angebaki pale kwenye majani na Mwavita.

Injini zikawaka. Upepo wa ndege ulilaza majani, watu wakashika vilemba vyao. Viti vinne vya wagonjwa vilikuwa vitupu, vyote vinne, na mlango ukafungwa.

Riziki alifungua macho. Tangu alfajiri alikuwa akisinzia na kuamka, na makelele yale hakuyafuata vizuri.

"Baba Mwavita," alisema. "Waliniita?"

Abedi alivuta kitenge cha kijani, akamfunika mabega. Ndege ilikuwa inageuka mwisho wa uwanja.

"Bado," alisema. "Wanaita wengine kwanza."

Riziki akafumba macho, akaendelea kusikiliza.